Dari Iliyonyimwa Wimbo

Paukwa!

Pakawa!

Hee, mnaitika kama mna maji mdomoni. Paukwa!

Pakawa!

Sasa mmeamka. Zamani hiyo, zamani za kale hasa, bibi yake bibi yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji. Kijiji kina visima viwili, mbuzi wengi, na msikiti mmoja wa makuti. Msikiti huo ulivuja, ulivuja! Masika yakiingia, mtu akisujudu anainuka na tope kwenye paji la uso.

Watu wakasema, jamani, tumjengee Mungu nyumba ya mawe. Wakachimba matumbawe. Wakachoma chokaa. Wakakata boriti. Kuta zikapanda. Mlango ukachongwa maua, mtu akipita anasimama kuutazama mpaka swala inamwacha. Ikabaki dari.

Dari ya zamani, wajukuu zangu, ndiyo iliyokuwa paa, na haikumwagwa ikaachwa. Chokaa na kokoto zinamwagwa juu ya boriti, halafu wanawake wanapanda na fimbo, wanapigilia. Siku saba! Twa! Twa! Twa! Mpaka chokaa inakuwa jiwe. Na wanapigilia kwa wimbo. Mwenye kuutoa wimbo alikuwa Bi Mwanakombo, mzee, kichwa cheupe kama chokaa yenyewe. Hakuna dari pale kijijini ambayo hakuiimbia.

Siku ya kupanda ikafika. Wanawake wamejifunga vibwebwe, fimbo mkononi. Mara akatokea Shehe Mbaruku, aliyekuwa akiwaswalisha. Mtu mwema, lakini mkali. Hata jogoo wake aliwika kwa adabu.

"Leo hakuna kuimba," akasema. "Hii nyumba ya Mungu, si nyumba ya arusi."

"Shehe," akasema Bi Mwanakombo, "dari bila wimbo haishiki."

"Chokaa haina masikio, bibi."

"Chokaa haina. Mikono inayo."

"Nimeshasema. Kimya!"

Haya, wakapanda kimya. Bi Mwanakombo naye akapanda, hakununa. Huyu twa! Yule tu-twa. Huku twa-twa-twa, kule mtu anajikuna mgongo. Siku ya tatu fimbo zikawa nzito kama michi. Mwanamize, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na komeo, akanong'ona, "Bi, tunajenga msikiti au tunazika mtu?"

"Piga, mwanangu. Mvua itasema."

Siku ya saba wakashuka. Dari ikakauka, nyeupe pe! Ijumaa ikaja mvua ya rasharasha, mvua ya kitoto tu. Shehe yuko juu ya mimbari, anahutubu. Ti! Tone kwenye kilemba. Akasogea kulia. Ti! Akasogea kushoto. Ti! Ti! La puani hilo. Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, Mwanamize akang'ata mtandio asicheke.

Lakini ukweli, hapakuwa na cha kuchekwa. Fundi akapanda, akashuka amekunja uso.

"Ina nyufa kama kisigino cha mchunga mbuzi," akasema. "Huku imeshika, kule laini kama uji. Maji yakizifikia boriti zitaoza, na dari yote itatuangukia vichwani. Ibomolewe, ipigiliwe upya. Na masika haya hapa, siku kumi tu."

Siku kumi! Shehe Mbaruku akashika njia mpaka kwa Bi Mwanakombo. Akamkuta uani na Mwanamize, wanatwanga mtama kwenye kinu kimoja.

"Hodi, bibi."

"Karibu, Shehe. Umekuja wakati wake. Shika mchi ule."

"Mimi?"

"Wewe. Twanga. Ila kimya."

Shehe akatwanga. Ngo! Mchi wake ukagonga mchi wa Mwanamize. Akatwanga tena. Ngo! Mtama ukaruka, kuku wakaja mbio, kwao sikukuu.

"Shehe," akasema Mwanamize, "kama unavitaka vidole vyangu, si uombe tu?"

Bi Mwanakombo hakucheka. Akatoa wimbo, taratibu:

*Chokaa lala, lala chokaa. Twa!*
*Mvua ije, isione njia. Twa!*

Michi ikaanza kupishana. Mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini. Twa! Twa! Twa! Shehe akatwanga mpaka akasahau alichofuata.

"Sasa niambie," akasema Bi Mwanakombo. "Ukituswalisha, watu wote wale wanainamaje pamoja?"

"Wanafuata sauti yangu."

"Na ungeswalisha kimya?"

Shehe akafikiri. "Huyu angekuwa kasujudu, yule bado kasimama."

"Ndiyo dari yako hiyo."

Shehe akaweka mchi chini. "Nimekosa, bibi yangu. Njoo uiimbie. Lakini maneno yawe ya heshima."

"Umesikia, Mwanamize? Ule wimbo wa mume mvivu uuache nyumbani."

"Basi mume wangu atapumzika wiki nzima," akasema Mwanamize.

Wakaibomoa. Wakamwaga upya. Wakapanda kwa wimbo, na Shehe akapanda nao, kanzu kaikunja mpaka magotini, miguu myembamba kama ya korongo! Imbeni na mimi. *Chokaa lala, lala chokaa.* Twa! *Mvua ije, isione njia.* Twa! Siku saba. Siku ya kumi masika yakaingia kwa kishindo. Gu-gu-gu-gu!

Ilikuwa adhuhuri. Swala imekwisha, hakuna anayeondoka, macho yote juu. Wanangoja tone. Hakuna. Wanangoja. Hakuna! Msikiti kimya, ila mvua inapiga darini, twa, twa, twa. Na kidole cha Shehe kikaanza kugonga gotini. Twa, twa, twa. Midomo nayo ikaanza kucheza, *chokaa lala...*

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya kizee:

"Shehe! Kimya!"

Watu wakacheka mpaka machozi, na Shehe wa kwanza.

Bi Mwanakombo alipofariki, chini ya dari ile ile ndipo aliposwaliwa. Siku hiyo nayo mvua ilinyesha. Jeneza lake halikupata hata tone.

Basi wajukuu zangu, sala, wimbo na jiwe wamenyonya ziwa moja. Ukimfukuza mmoja nyumbani, wawili waliobaki watavuja. Hadithi yangu imepanda mpaka darini, na pa kwenda tena haina. Imeishia hapo. Nipisheni nikatazame chungu.