Zamu ya Alhamisi

Hapo zamani, na wala si zamani sana maana simu zilikwishafika, kilikuwepo kijiji cha Upare kilichohamwa na watu na kuhamiwa na watu. Wenyeji walishuka mijini kutafuta riziki, wageni wakapanda kutoka tambarare zilizokauka. Mambo yakaenda hivyo mpaka mvua ilipogoma.

Mama mmoja, Naetwe, ndiye aliyekuwa mgawa maji wa ndiva, lile bwawa dogo la kijiji. Siku zote za wiki zilikuwa na wenyewe. Alhamisi ilikuwa ya nyumba ya Eliakimu, na hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi. Desturi ilisema zamu ni ya nyumba inayoitikia msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope. Kugawana hakukuwezekana, kwani maji nusu hunywewa na mfereji kabla hayajafika shambani. Na maharage yalikuwa yametoa maua. Yakikosa maji wiki hiyo, basi tena.

Wakaja watatu kuiomba Alhamisi.

Eliakimu alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka mjini. Akasema, "Mama, ukuta wa ndiva umejengwa kwa saruji niliyotuma mimi. Wanangu mjini walilala bila mboga ili ninyi mjenge. Sasa kazi ya mjini imekwisha, nimerudi na watoto wanne. Niende wapi tena?"

Nangasu, mjane wa mdogo wake, akasema, "Shemeji, saruji yako tuliiona. Lakini tope nimezoa mimi, miaka kumi na minne. Jina lako likiitwa, naitikia, 'Nyumba ya Eliakimu ipo.' Sikutaka upoteze zamu. Langu sikuliandikisha." Naetwe aliona aibu. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma orodha ya msaragambo, na hakuwahi kumuuliza.

Masunga, mgeni kutoka Shinyanga, akasema, "Mimi simo kabisa orodhani. Ila ukuta ulipopasuka, vijana wenu walikuwa mjini. Mimi na mke wangu tuliziba kwa magunia yetu ya mahindi, chakula chetu cha mwaka. Mlinipa mkono wa asante, nikaupokea. Maharage yangu nayo yana maua."

Naetwe, masikini, akatafuta njia ya kuponea. Akamuuliza kila mmoja, "Ukikosa wewe, nimpe nani?"

Eliakimu akasema, "Mpe Masunga. Alitoa chakula cha watoto wake kwa kijiji kisicho chake."

Masunga akasema, "Mpe mama Nangasu. Tulipofika hapa, yeye ndiye aliyetupa mbegu."

Nangasu akamgeukia Eliakimu. "Mpe shemeji," akasema. "Ana watoto wanne."

Naetwe alitamani wangegombana. Ingekuwa rahisi zaidi. Alhamisi kulipokucha, alisimama kwenye lango la maji na jembe la kulifungulia, mifereji mitatu mbele yake, na chini kule kila familia imesimama kwenye shamba lake, majembe mikononi, ikimtazama.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, jembe la Naetwe nawapa. Mngemfungulia nani?