Dakika Moja ya Mume Aliyefutwa

Hapo zamani, si zamani ya masultani bali zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na nchi yenye mihuri mingi kuliko milima. Katika nchi hiyo waigizaji watatu waliishi nyumba moja: Fikirini, Mwanakombo na Chande. Fikirini alimpenda Mwanakombo, Mwanakombo alimpenda Chande, Chande alimpenda Fikirini, na mapenzi hayo yalikwenda na kurudi pande zote bila mtu kuachwa mlangoni. Mama yake Fikirini alijua nusu ya habari. Mwanakombo alimjua kuwa mkwewe. Kuhusu Chande, mama aliambiwa ni mpangaji.

Fikirini alichoka kumdanganya mama, lakini kila alipotaka kusema, ulimi ulikauka. Basi rafiki yao Rehani, mwongozaji wa filamu, akatunga filamu kuhusu nyumba kama yao, nao watatu wakaigiza.

"Mama akiiona ataelewa," Fikirini alisema. "Nitakaa kando yake, nisiseme neno."

Filamu ikaenda Bodi ya Ukaguzi. Bodi ikaipa daraja lililo juu ya watu wazima, yaani haimfai mtu yeyote isipokuwa wajumbe wa Bodi, ambao waliitazama tena na tena ili wahakikishe. Rehani akaenda kulalamika.

"Mwenyekiti, mwezi uliopita mlipitisha filamu ya bwana mwenye wake watatu. Mkaandika, inafaa kwa familia nzima."

"Ile ni mila, binti yangu."

"Na hii?"

"Hii ni hesabu iliyokosewa. Tutaisahihisha. Marekebisho madogo tu."

Marekebisho madogo yakapelekwa kwa Mbaruku, mhariri wa picha, pamoja na onyo: akimwambia mtu, filamu itafungiwa kabatini milele. Amri yenyewe ilikuwa fupi. Mke mmoja, mume mmoja. Mume halali ni yule anayetangulia kuonekana. Na aliyetangulia kuonekana, kwa kuwa ndiye aliyefungua mlango, alikuwa Chande.

Mbaruku akakaa kwenye kompyuta, akamfuta Fikirini. Akamfuta mezani, akamfuta uani, akamfuta kitandani.

Ikafika siku ya tamasha la filamu. Alasiri, Fikirini akamleta mama yake, wakaketi safu ya mbele. Taa zikazimwa. Chande akafungua mlango. Mwanakombo akamrukia Chande shingoni. Mama akakaa wima.

"Fikirini, si mkeo yule?"

"Ndiye, mama. Subiri kidogo, nami naja humo."

Hakuja. Mwanakombo akacheka na kiti kitupu. Akakipakulia kiti wali, na wali ukapungua sahanini bila mlaji. Chande akapita nyuma ya kiti, akainama, akabusu hewa. Nyuma ya ukumbi mtu akapiga yowe: "Nyumba ina jini!"

Fikirini alijitafuta kila mahali. Aliwaona wenzake wakizungumza naye, wakimgombeza, wakimfunika shuka, na yeye hayupo. Palikuwa na pahali pamoja tu alipojiona: mkono ukipokea kikombe cha chai, mkono usio na mwenyewe.

"Huo mkono una kovu lako," mama akanong'ona. Kisha, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu: "Mwanangu! Mpangaji kakunyang'anya mke, na wewe umenileta nitazame?"

Fikirini akafungua mdomo. Ulimi ukakauka.

Taa zikawaka. Watu walikuwa wanalia, wanapiga makofi, wengine wanasoma dua. Mwenyekiti wa Bodi akapanda jukwaani, naye anapangusa macho.

"Tuzo ya Filamu Bora ya Familia," akatangaza, "inakwenda kwa kisa hiki cha ndoa iliyomstahimili jini!"

Tuzo hiyo ilikuwa na jambo lake. Mshindi hupewa dakika moja ya kusema, moja kwa moja kwenye televisheni, na dakika hiyo haikatwi. Waliotunga kanuni hawakuwahi kuwaza kwamba mshindi angekuwa na la kusema zaidi ya asante.

"Apande mmoja tu," Mwenyekiti akasema.

Waigizaji watatu, Rehani na Mbaruku wakakutana chini ya ngazi za jukwaa, kila mtu anamsukuma mwenzake.

"Dakika ni yangu," akasema Rehani. "Nimetunga mimi, nimepigania mimi. Nitawaambia walichokiona ni mabaki."

"Mabaki yapo kwa sababu yangu!" akasema Mbaruku. "Ningekataa, saa hizi ingekuwa kabatini. Mnadhani ule mkono niliusahau? Niliuacha kwa hatari yangu. Nipande mimi niseme nilichoamriwa."

Fikirini akamkamata ukosi. "Ulinifuta kitandani kwangu!"

"Nilikufuta vizuri, kaka. Tazama wanavyolia."

"Wanamlilia nani?" Mwanakombo akaingilia. "Wanamlilia yule niliyemtazama. Nyie mlimtoa, mimi nikambakiza usoni mwangu. Na sasa mama mkwe ananitazama kama mwizi wa kuku. Dakika ni yangu, nijisafishe."

"Basi nipande mimi, niseme asante, nishuke," akasema Chande. "Dakika ina mwisho wake, halafu tunarudi mtaani. Mwenye nyumba ana televisheni. Polisi wana televisheni. Mmemsahau yule kinyozi wa mtaani kwetu, polisi walivyombeba kwa uvumi tu wa mapenzi kama yetu?"

"Wewe unadai nini?" Rehani akambeza. "Umebaki filamu nzima!"

"Nimebaki nikiwa mume wa mtu mmoja, dada. Nami nimefutwa, ila mimi naonekana."

Fikirini akasema polepole, "Pengo langu ndilo lililopewa tuzo hii. Hakuna mwigizaji aliyewahi kutoonekana kwa bidii kama mimi. Na filamu hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtazamaji mmoja, yule pale."

Yule pale alikuwa amekwisha kusimama karibu yao, na maneno yote ameyasikia. Mama ameukumbatia mkoba wake, hamwangalii mtu ila mwanawe.

"Miaka yote nimedanganywa na nyinyi, na leo nimedanganywa na serikali," akasema. "Atakayepanda na apande. Lakini aniambie mimi. Sitaki kusikia asante."

Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Mwenyekiti, anatabasamu, akanyoosha kipaza sauti kuelekea ngazi.

Haya, msinitazame mimi. Filamu mmeiona, mama mmemsikia, na dakika imekwisha kuanza kwenda. Yuko aliyetunga, yuko aliyefuta akabakiza mkono, yuko aliyemtazama asiyekuwepo, yuko anayetaka wote wafike nyumbani salama, na yuko aliyefutwa, mwenye mama yake na ulimi unaokauka. Je, nani alistahili kukipokea kile kipaza sauti?