Sultani Aliyenyolewa kwa Mgao

Hapo zamani, enzi ambazo kila mji ulikuwa na ukuta wake na kila ukuta na Sultani wake, alitawala Shangoni Sultani aitwaye Muhidini. Hazina yake ilikuwa nyembamba, bali matamanio yake yalikuwa manene. Basi zilipofika habari kwamba mfalme wa jirani amekwisha kuteka miji miwili naye yuaja, Sultani akamwita mhunzi wake, Bwanakheri, akamwambia, "Nataka silaha."

Asubuhi alitaka mapanga. Adhuhuri akalala kidogo, akaota mzinga, akaamka ataka mzinga. Alasiri mgeni mmoja akasifu farasi wa kwao, ikawa sasa yatakiwa matandiko. Na chuma kilikuwa haba. Waziri akatoa shauri, "Kila kazi ipewe kipande chake, maulana. Haba na haba hujaza kibaba." Sultani akapendezwa mno, hata akatoa amri: kila kazi ya Sultani ianzwe, ipewe mgao wake kidogo, wala isimalizwe moja hali nyingine inangoja.

Basi ghala likajaa. Ndani mlikuwa na mapanga yasiyo na mipini, mzinga wenye mdomo bila tumbo, na matandiko ya farasi ambao hawajazaliwa. Kitu kilichokuwa tayari ni kimoja tu, ngoma ya ushindi, maana waziri aliisimamia mwenyewe. Na lango la mji likawa likifungwa kwa kamba, kwani chuma cha komeo lake nacho kilikuwa kimegawanywa.

Sultani alipokwenda kulikagua ghala, akashika panga, likamkata kiganja kwa kukosa mpini. Akanguruma, "Mhunzi huyu mvivu! Siku ya Mwaka, nitakapotoka mbele ya watu, akatwe mkono wa kulia." Bwanakheri akatiwa pingu.

Huyo Bwanakheri alikuwa na dada, na dada alikuwa na mume, kinyozi aitwaye Shekuwe, mtu asiye na kitu duniani ila wembe, kinoo na ulimi. Mkewe akamwambia, "Kaka yangu bila mkono ni nani? Wembe wako hufika kwenye shingo ya Sultani, mahali ambapo panga la askari halifiki. Fanya jambo, mume wangu."

"Wataka nimchinje?"

"Nataka umnyoe, mpumbavu wee. Lakini umnyoe kwa akili."

Shekuwe akalala na neno lile. Na ada ya Shangoni ilikuwa hivi: Siku ya Mwaka Sultani husimama ukutani kichwa wazi, kimenyolewa kiking'aa, ili watu wote wamwone kuwa ni mzima. Na wembe ulioanza kichwa chake ndio sharti umalize. Kuingiza wembe wa pili ni kumtakia Sultani kifo.

Siku ikafika. Shekuwe akaingia, akaamkia, akalowesha kichwa cha Sultani kwa maji ya moto. Akanyoa kiraka juu ya sikio la kulia, akaacha. Akahamia kwenye ndevu, akaziondoa za shavu la kushoto, akaacha. Akapiga magoti, akakata ukucha mmoja wa mguu. Kisha akafuta wembe, akaukunja, akasema, "Alhamdulillahi."

"Umemaliza?" akauliza Sultani.

"La, maulana. Nimeanza."

Sultani akashika kioo. Alipojiona, akaruka kitini. "Nini hiki? Nafanana na mbuzi aliyenusurika na fisi! Maliza!"

"Nathubutuje, maulana? Amri yako yasema isimalizwe kazi moja hali nyingine inangoja. Nikimaliza kichwa, ndevu zitanung'unika. Nikimaliza ndevu, kucha zitashitaki. Na wembe umekwisha kula mgao wake. Mwaka ujao, Mungu akijaalia, tutaongeza kiraka."

"Nitakukata kichwa!"

"Changu kitaondoka, maulana, na chako kitabaki hivyo hivyo. Wembe wangu ndio ulioanza."

Waziri akadakia, "Vumilia, maulana. Haba na haba—"

"Hujaza kibaba kimoja, bwana waziri," akasema Shekuwe. "Ukipanga vibaba kumi chini ukanyunyizia haba hiyo moja, vyote vitalowa, wala hakuna kitakachojaa."

Nje watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, wakiimba. Sultani akatokwa na jasho, akasema kwa sauti ya chini, "Shekuwe, mwanangu, ninyoe kichwa."

"Na ndevu?"

"Zingoje!"

"Na kucha, maulana? Zina haki zake."

"Watu watatazama kichwa, mjinga we! Nani atatazama kucha zangu?"

"Kweli, maulana. Na yule mfalme wa jirani akija, atatazama nini kwanza?"

Sultani akageuka. Akatazama dirishani, kule ambako kamba ilikuwa ikipepea. "Lango," akasema, polepole kama mtu aliyemeza mfupa. "Atatazama lango." Kisha akajitazama tena katika kioo, kiraka, shavu na yote, ikamjia kicheko, akacheka hata akaegemea ukuta. Waziri naye akaanza kucheka, lakini akaulizwa ngoma ya ushindi hufungaje lango, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Mapanga, mzinga, vyote viyeyushwe!" akasema Sultani. "Komeo kwanza. Na mpaka likamilike, mtu asinitajie farasi. Haya, kinyozi, nyoa, na utaje zawadi yako."

Shekuwe akakunjua wembe. "Nipe shemeji yangu, maulana. Tena leo, tena mzima. Nisipewe mguu mwaka huu na mkono mwaka ujao."

Basi adhuhuri Sultani akasimama ukutani, kichwa king'aacho na ndevu za upande mmoja, kwa kuwa ndevu zilikuwa bado zikingoja zamu. Watu wakatazama huku na huku wamtafute mhunzi wa kukatwa mkono, wasimwone. Mwenye mkono alikuwa amekwisha kurudi kwenye tanuri lake, anavukuta moto, na dada yake amesimama mlangoni akimwambia ale kwanza.