Mguu wa Pili wa Sikudhani

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani ile ya wanyama kuongea, nasema zamani hii ya majuzi, watu wana simu mkononi na mlima bado wanaupanda kwa miguu. Kaeni vizuri. Hadithi yangu haina jini wala zimwi, lakini inatisha kuliko zimwi. Na mwisho wake nitawauliza swali, kwa hiyo mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, asije kunisumbua baadaye.

Palikuwa na msichana akiitwa Sikudhani, mwenyeji wa Kwemtindi. Kwemtindi ni kijiji cha mlimani, hakina hata pahali pa kuweka mpira usibiringike. Nyumba iko juu, kisima kiko chini, shamba liko juu zaidi, soko liko chini kabisa. Mtoto akishajua kutembea, anapanda. Anapanda na kuni, anapanda na maji, anapanda na mdogo wake mgongoni. Ndiyo maana watu wa huko wana vigimbi. Na Sikudhani alikuwa navyo hasa! Vimejaa, vigumu, ukivibonyeza kidole kinarudi.

Kwao hakuna aliyemcheka. Tena wanaume wakipishana naye njiani walikuwa wakisema, "Huo mguu wa bia huo, Mungu fundi!" naye akijifanya hasikii.

Siku moja akaja Mbwana, dereva wa lori, kutoka mji wa bondeni, kufuata kabeji. Lori lilikoma pale barabara inapokoma, Mbwana akakaa juu ya tairi anasubiri mzigo. Akaona msichana anapanda na tenga kichwani, amempa mgongo. Akaiona miguu. Alimwambia baadaye, "Mimi nilikupenda kabla hujageuka." Sikudhani akacheka mpaka tenga likamponyoka. Posa ikaletwa, ikapokelewa.

Sasa sikilizeni desturi ya huko bondeni kwa kina Mbwana. Siku ya hina, bibi harusi huketishwa mkekani, gauni likapandishwa mpaka magotini, akapakwa maua ya hina kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Kisha wanawake wa upande wa mume wanapita mmoja mmoja, wanatazama, wanapiga vigelegele. Wakinyamaza, ndugu zangu, hapo bibi harusi bora ardhi ipasuke aingie.

Aliyemlea Mbwana alikuwa shangazi yake, Bi Tunu, mama mmoja wa magauni marefu ya kufagia sakafu na ulimi usio na breki. Sikudhani alipopelekwa kutambulishwa, alipiga magoti, "Shikamoo, shangazi." Bi Tunu akaitikia marahaba, akamwinua, akalishika pindo la gauni akalipandisha, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Mh! Mbwana mwanangu, umetuletea bibi harusi au umetuletea beki?"

Wanawake wakaangua kicheko. Sikudhani akatabasamu, maana ugenini utafanyaje? Lakini pale mlangoni alikuwa amesimama Mbwana, na Mbwana naye akacheka. Kidogo tu, halafu akakohoa. Vicheko vyote vile Sikudhani hakuvisikia. Alikisikia hicho kimoja.

Tangu siku hiyo akaanza kuitazama miguu yake. Anaoga, anaitazama. Anavaa soksi jua kali, anaitazama. Akiota, anaota mkeka, gauni limepandishwa, na wanawake kimya.

Akasikia kuna daktari katika jiji kubwa anapunguza vigimbi kwa kisu. Akaenda kumuuliza mama yake, Bi Mwanjaa, aliyekuwa jikoni anachambua maharage.

"Mama, nipunguze?"

Moyoni mama alisema hapana, akasema hapana mara nyingi tu. Lakini aliogopa ndoa isije ikavunjika, lawama ikamwangukia yeye. Akasema, "Mwili ni wako, mwanangu," akaendelea kuchambua maharage.

Akamuuliza Mbwana. Mbwana akasema, "Ukipenda wewe." Ukipenda wewe! Mwanamume mzima! Akamuuliza Bi Tunu, naye akasema, "Vikipungua kidogo, nani atachukia?" Basi Sikudhani akaamua peke yake.

Daktari hakumficha kitu, nampa haki yake. Alimwambia, "Nitaukata msuli, mguu utapungua. Nguvu nayo itapungua. Wengine nguvu inarudi, wengine hairudi, na mimi siwezi kukuambia wewe utakuwa yupi. Halafu mimi sikati miguu miwili kwa pamoja. Nakata mmoja, unapona, ndipo nakata wa pili. Lazima ubaki na wa kusimamia."

Sikudhani alisikia "mguu utapungua." Yale mengine yalipita.

Lakini alipolazwa kifudifudi, daktari akaanza kumchorea mistari ya kalamu kwenye kigimbi, pale ndipo hofu ilipomvaa. Kalamu ilikuwa ya baridi. Chumba kilinuka spiriti. Alisikia vyuma vinapangwa kwenye sinia, kimoja, kingine, kingine, naye anaambiwa atulie. Alitaka kusema basi. Ulimi ukagoma. Akachomwa sindano ya ganzi, na mguu wake ukawa wa mtu mwingine.

Aliporudi, aliyemuuguza ni nani? Bi Tunu, yule yule wa beki! Alimlaza chumbani kwake, akamwosha, akambadilishia bandeji, akampikia uji wa pilipili manga. Usaha ulipoonekana kidogo ni yeye aliyepiga kelele mpaka nesi akaja nyumbani. Hakulala mpaka jeraha likakauka. Kama nyinyi mna moyo wa kumchukia mtu kama huyo, mimi sina.

Mguu ukapona. Nao ukawa mwembamba, laini, wa kupendeza kwa kweli. Sikudhani akaunyoosha mbele ya kioo, akalia kwa furaha. Akasema, bado mmoja.

Akapanda kwao kumwonyesha mama.

Lori likamshusha barabara inapokoma, akaanza kupanda njia ile aliyoijua tangu hajaota meno. Mwanzoni sawa. Alipofika kwenye mwinuko mkali, pale palipo na korongo upande wa kushoto, akaweka mguu mpya mbele ili ajisukume. Mguu haukusukuma. Kisigino kikashuka chini kikakaa, goti likakunjika lenyewe. Akajaribu tena. Ndani ya ule mguu hamkuwa na mtu.

Akashika majani, majani yakang'oka. Akashika mzizi. Jiwe lilitoka chini ya kandambili yake likaenda korongoni, akalisikia linagonga, linagonga, halafu halisikiki. Akaogopa. Hakuogopa hivyo chumba cha daktari. Alilala kifudifudi njiani, mashavu kwenye vumbi, mguu mmoja unatetemeka kwa nguvu na mwingine umetulia tuli. Na mguu ule uliomzuia asiende chini ulikuwa ule mnene. Kina mama waliokuwa wakitoka shamba wakamkuta, wakampandisha kwa kumshika kwapa, yeye Sikudhani, aliyekuwa akiwapita wote na tenga kichwani.

Mama yake akaona. Akaenda nyuma ya nyumba akalia huko.

Siku ya mguu wa pili ikafika. Sikudhani alikwenda, maana kutokwenda nako kulimtisha. Akiufikiria mkeka wa hina anatetemeka, mguu mmoja hivi na mwingine vile, wanawake hawajui wacheke au wasikitike. Akilifikiria korongo anatetemeka. Akiona kisu anatetemeka. Akamwambia daktari ukweli.

Daktari akavuta kiti. "Nikikata wa pili, miguu italingana, kwa sura na kwa udhaifu pia. Hutaanguka ovyo tambarare, lakini mlima usahau, isipokuwa nguvu ikirudi. Nisipokata, utabaki na mmoja wenye nguvu, ila utachechemea, na nyonga itakuuma ukubwani. Ukisubiri, pengine mwakani huu wa kwanza utapata nguvu. Pengine. Lakini mimi naondoka nchi hii mwezi ujao, na atakayekuja nyuma yangu simjui. Nataka jibu leo."

Walikuwapo watu watatu chumbani. Bi Tunu aliyemleta. Mbwana aliyewaendesha. Na wa tatu, aliyeingia anahema, vumbi mpaka kwenye nyusi, ni Bi Mwanjaa, mama mtu. Kifua chake kibovu, kutoka Kwemtindi hakuwa ameshuka miaka na miaka. Alishuka kile kipande cha juu kwa makalio, akapakiwa pikipiki, akapanda basi, akafika.

Sikudhani akawatazama wote watatu. Akasema, "Mara ya kwanza nilijisikiliza mwenyewe, na mmeona nilikofika. Leo sijiamini. Nikisema kata, sijui ni mimi ninayesema au ni hofu. Nikisema acha, sijui vilevile. Nyinyi mlinyamaza wakati ule. Leo semeni. Nitakayemsikiliza, neno lake ndilo."

Hapo kila mtu akatazama sakafu, wasemaji wote wale!

Bi Tunu akaanza. Alilishika gauni lake refu akalipandisha mpaka magotini, yeye ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona kifundo. Mguu mmoja ulikuwa mzima. Mwingine ulikuwa kama fimbo, tangu ugonjwa wa utotoni.

"Nilitazama miguu ya watu maisha yangu yote kwa sababu ya huu," akasema. "Siku yangu ya hina walipandisha gauni, wakanyamaza. Mume akaja, akakaa kidogo, akaenda zake. Nilikucheka, mwanangu, nina dhambi hiyo. Lakini humu chumbani ni nani anayejua kuishi na miguu isiyolingana? Ni mimi peke yangu. Nyonga yangu inaniamsha kila alfajiri. Mwambie akate. Mlima utauacha, watu wengi wanaishi bila mlima. Miguu inayolingana hutaacha kuihitaji hata siku moja."

Bi Mwanjaa akaketi chini kabisa, sakafuni, akaushika ule mguu mnene kwa mikono miwili.

"Mimi nilinyamaza na maharage yangu," akasema. "Nilijua, nikanyamaza. Kosa langu kubwa kuliko lake, maana yeye alikuwa mgeni kwako na mimi mama yako. Lakini sikiliza. Pikipiki haifiki kwetu. Nimeshuka leo, na kifua hiki hakitanishusha tena. Ukiukata huu, nitakapougua utanifikiaje? Nitakapokufa utanizikaje? Uache, mwanangu. Chechemea, lakini uje."

Mama yule hakulia. Aliushika tu mguu.

Mbwana alikuwa ameegemea ukuta. Akasema, "Mimi nilicheka. Kicheko kile kimenikaa kooni mpaka leo. Nilikuwa naipenda miguu yako nikaona haya kuipenda mbele ya watu." Afadhali amesema! Akaendelea, "Mimi nasema asikate, na wewe usikate tamaa. Subiri. Harusi tuisogeze. Hina ipakwe vidoleni tu, nitawaambia ukoo mzima ni mimi niliyetaka, wanicheke mimi. Mguu ukipata nguvu, umepata. Usipopata, mimi ndiye nitakayekushika mkono kila siku, siyo shangazi wala mama. Wao wana hofu zao. Mimi ndiye nitakayeishi na wewe."

"Na usipopata nguvu, daktari ameshaondoka?" Bi Tunu akamuuliza.

"Basi ameondoka," Mbwana akasema.

"Na ukichoka kumshika mkono?" Bi Mwanjaa akauliza kutoka sakafuni. "Ulichoka hata kumtetea mlangoni."

Mbwana akainamisha kichwa.

Sikudhani alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitanda cha chuma, anahisi mikono ya mama yake, iliyo mikavu na ya moto, na karibu yake kalamu ya baridi ambayo bado haijagusa ngozi. Nesi ameshaivuta ganzi kwenye bomba la sindano, amelisimamisha, anasubiri. Msichana akafungua mdomo kusema jina la mtu mmoja.

Yupo aliyemcheka, kisha akamuuguza, na anayajua maumivu anayoyasema. Yupo aliyemzaa, kisha akanyamaza, na kwake hakufikiki ila kwa ule mguu. Yupo aliyempenda, kisha akamwonea haya, na leo anamwomba angoje pamoja naye bila kujua wanangojea nini.

Haya, semeni, na asiniambie mtu "mwenyewe aamue," maana mmemsikia alivyosema. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kusikilizwa?