Sabuni ya Kabatini

Sogeeni, wanangu. Nyie wa kule nyuma, njooni huku mkekani. Na wewe mpe mtoto titi anyamaze, maana haya ni ya kwake.

Kulikuwa na mama mmoja, ndiyo kwanza analea. Mtoto alikuwa na ngozi nyepesi kama ganda la kitunguu. Kila akiogeshwa kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, alilia mpaka sauti ikamkauka. Shingoni na makwapani kukachubuka. Wifi yake akamletea kutoka mjini chupa ya sabuni ya watoto, laini, ya mwili na nywele, isiyowasha hata ikiingia machoni. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaiweka wapi? Kabatini, nyuma ya kioo, katikati ya vikombe vya wageni.

Wifi aliporudi kuwasalimia, akasimama mbele ya kabati, mkono kiunoni.

"Wifi, mtoto anamenyeka kama kiazi cha kuchemsha, nawe umeiweka hapo kama picha ya harusi?"

"Ya ubatizo hiyo, wifi yangu. Unataka padri ambebe ananuka ndoo ya nguo?"

"Padri atambeba mara moja tu. Wewe je?"

Mama akacheka. "Ubatizo umekaribia. Atavumilia, si damu yetu huyu?"

Vidonda vikafunguka, uchafu ukaingia, homa ikapanda. Zahanati walihangaika naye, lakini alifikishwa kwa kuchelewa.

Kina mama walipokuja kumwosha marehemu, mmoja akauliza taratibu, "Sabuni ipo?" Mama akaenda mwenyewe kabatini. Akasogeza vikombe. Povu lilikuwa laini, jamani! Likateleza shingoni, likaingia kwenye vinywele. Siku ile mtoto aliogeshwa bila kulia.

Na sisi je? Mgeni akibisha hodi, sauti zetu asali: "Karibu, mpenzi, karibu." Akishaondoka, tunawageukia wa ndani kwa maneno ya kufulia, tunawasugua hadi wanachubuka. Wa nyumbani watavumilia, siyo? Huo upole tunamtunzia nani? Msinijibu mimi. Kawajibuni wao, wangali wanasikia.

Gauni jeupe la ubatizo lilirithiwa na udongo. Beseni la kumwogeshea alichukua wifi. Ile chupa, imepungua kidogo tu, ilimbakia mama.