Bangili ya Kunywea Chai

Soma hadi mwisho, si ndefu.

Katika mji mmoja aliishi mjane aitwaye Mwanakombo, kazi yake kufua nguo za watu. Kila alichobakiza alikiweka kwenye kopo la unga. Mara mbili wezi waliingia ndani wakaondoka na kopo lenyewe. Alipopata akiba nyingine, ambayo ilimchukua miaka saba, akasema: "Sasa nitaivaa mkononi. Mwizi atakayeitaka itabidi aniamshe kwanza."

Akaenda kwa sonara wa mji, Bwana Mbaruku.

"Nataka bangili ya kuvaa kila siku," akamwambia. "Sitaivua. Nitafua nayo, nitapika nayo, nitalala nayo."

"Umefika, Bi Mwanakombo. Tazama hii. Dhahabu tupu, haina hata chembe ya shaba."

"Itastahimili?"

"Mama, nimekwambia dhahabu tupu! Hii watakuja kuigombania wajukuu."

Mwanakombo akatoa miaka saba yake yote, akavaa bangili, akarudi kwenye beseni.

Wiki ya kwanza bangili ilibonyea kidogo. Wiki ya tatu ilikuwa na umbo la yai. Wiki ya tano, alipokuwa akikamua shuka zito, iliminyika ikambana mkono, na alipojaribu kuinyoosha ikapasuka. Akaifunga kwenye kitambaa, akairudisha dukani.

Bwana Mbaruku aliigeuza mara mbili. "Umeipondea kisamvu?"

"Nimefulia."

"Unafulia bangili ya dhahabu tupu? Hii ni ya arusi, ya sikukuu. Kila mtu anajua hivyo."

"Mimi sikujua. Ndiyo maana nilikuuliza."

"Nitainunua kama chakavu, nusu ya bei. Nakusaidia tu kwa sababu tunafahamiana."

Mwanakombo alifunga kitambaa chake, akaenda barazani kwa mfalme.

Mfalme alisikiliza pande zote mbili, kisha akaagiza bangili ipimwe. Ikapimwa mbele za watu. Dhahabu tupu, kama alivyosema sonara.

"Mmeona?" Bwana Mbaruku akasema. "Sikumdanganya. Kosa ni la mikono yake, mikono ya kukamua mashuka. Mtukufu, mpe mwanamke mtulivu bangili kama hiyo, akae nayo siku kumi. Ikipinda, nitamrudishia mama huyu kila kitu. Isipopinda, achukue bei ya chakavu na aache kuniharibia jina."

"Mwanamke mtulivu tutampata wapi?" mfalme akauliza.

"Mtukufu, nani mtulivu kuliko malkia?"

Watu wakacheka. Mfalme naye akacheka, akakubali. Mwanakombo hakuulizwa.

Alirudi nyumbani akijua ameshashindwa. Malkia hakuwahi kushika ufagio. Hata kikombe alikuwa akiletewa hadi mkononi. Kwa siku kumi Mwanakombo alifua mkono ukiwa mtupu, akihesabu ni miaka mingapi mingine atahitaji. Kwa umri wake, hesabu haikumpendeza.

Siku ya kumi baraza lilijaa. Malkia akanyoosha mkono. Bangili ilikuwa duara kabisa, inang'aa kama imetoka dukani asubuhi ile.

Bwana Mbaruku akatazama huku na huku ili kila mtu amwone.

"Bi Dobi!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Wewe ukachongewe bangili ya chuma!"

"Na mnyororo wake!" mwingine akadakia.

Baraza zima likacheka. Mfalme akainua mkono ili atoe hukumu.

"Mtukufu," akasema Mwanakombo, "nina swali kwa malkia. Nikishajibiwa nitaondoka, nina mashuka kwenye maji."

"Uliza."

"Malkia wangu, ulilala nayo?"

"Hapana," akasema malkia. "Niliogopa nikiilalia itabonyea."

"Ulioga nayo?"

"Niliivua."

"Mtoto wako ulimbeba nayo?"

"Siku ya kwanza tu. Aliivuta, nikaihisi inalegea. Nikampa yaya aiweke sandukuni."

"Basi uliivaa wakati gani?"

Malkia akatabasamu. "Wakati wa chai ya jioni. Na kikombe nilikishika kwa mkono mwingine."

Kicheko kikaanza upya, ila safari hii hakikumwelekea Mwanakombo.

Mfalme akamgeukia sonara. "Bwana Mbaruku, mama huyu ulimuuzia bangili ya kunywea chai?"

"Mtukufu, dhahabu ni safi."

"Hakuna aliyesema si safi. Siku ile alipokuja dukani alikuomba nini?"

Bwana Mbaruku hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa kusifu mali yake tu, na uongo wa waziwazi ulimshinda. "Aliomba ya kila siku," akasema. "Alisema atafua nayo."

"Na wewe unajua dhahabu tupu ni laini?"

"Kila sonara anajua. Ya kazi lazima ichanganywe na shaba ndipo iwe ngumu."

"Basi wewe ulijua, yeye hakujua, na alikuuliza. Ungemjibu tu, tusingekuwa hapa." Mfalme akaketi vizuri. "Chukua bangili yako. Umrudishie alicholipa chote, au umpe inayofaa kwa kazi aliyokutajia. Atakayechagua ni yeye, si wewe."

Mwanakombo akachagua bangili nene iliyochanganywa na shaba. Rangi yake haikuwa ya kuvutia sana, ilielekea wekundu, na bei yake ilikuwa chini, kwa hiyo akarudishiwa pesa kidogo. Aliivaa palepale, akaigonga mara mbili kwenye nguzo ya baraza, akaitazama. Haikuwa na alama.

"Hii ndiyo niliyoiomba," akasema, akaenda kuyatoa mashuka kwenye maji.

Bwana Mbaruku naye hakufunga duka. Kesho yake aliweka sinia mbili mezani, moja ya sikukuu na moja ya kila siku, na kila aliyeingia alimuuliza kwanza, "Unaenda kuifanyia nini?" Wateja waliongezeka, maana watu hupenda kuulizwa. Wa kwanza kununua kwenye sinia ya kila siku alikuwa yaya wa malkia. Alisema ametumwa.

Na Mwanakombo alifua, akapika, akalala na akiba yake mkononi, bila kuamka kwenda kulitazama kopo.

Funzo: Kabla hujalipa, sema wazi kitu unakwenda kukitumiaje; muuzaji akishasikia na kukubali, kisipofaa kwa kazi hiyo usione haya kukirudisha, kwa sababu kitu kuwa halisi ni jambo moja na kukufaa wewe ni jambo jingine.