Chungu cha Kwanza cha Nakiete

Sogeeni, na mwenye haraka aende zake, maana hapa tutabishana.

Huko Upareni walikuwepo watu watatu. Mwalimu Senzota alijua kupanga maneno. Bi Namkunda hakupitwa na kitu machoni. Na Mchome, mama wee! Huyo alijua kupinga, hata salamu aliipinga.

Nakiete, mfinyanzi, aliwalisha wanawe kwa kuuza vyungu. Siku moja ng'ombe wa Mchome alitumbukia katika shimo ambamo Nakiete alichimba udongo, akafa. Kijiji kikakutana: shimo lifukiwe! Nakiete alisimama kujitetea, akaishia kulia.

"Pole, dada, lakini kilio si hoja," mwenyekiti wa kijiji alisema.

Senzota akainuka. "Hoja yake ni hii: kosa si la shimo, ni kukosa ua. Lizungushiwe ua, lisifukiwe."

"Maneno matupu!" watu wakaguna. "Ushahidi uko wapi?"

Namkunda akawaongoza hadi shimoni, akafukua majani. "Tazameni visiki vya vigingi. Ua ulikuwepo, tukaukata kuni sisi wenyewe. Hata mimi nilichukua viwili, Mungu anisamehe."

Watu wakatazama chini. Mwenyekiti alikuwa karibu kukubali Mchome alipopaza sauti: "Na ua mpya mtaukata tena! Nani ataulinda? Wewe, Nakiete?"

Nakiete alimchukia wakati ule, jamani, alimchukia kweli. Lakini swali lilimkaba mpaka jibu likatoka: "Nitapanda minyaa! Utomvu wake unachoma macho. Nani ataikata kuni?"

Mchome akakuna kichwa. "Hapo sina la kupinga."

Shimo likabaki. Kwa wafinyanzi wa pale, chungu cha kwanza baada ya balaa hupewa aliyeliondoa, na hakigawanywi. Nakiete akakifinyanga huku akishukuru kwa sauti, mpaka wanawe wakamcheka.

"Bila mimi ungebaki na kilio," alisema Senzota.

"Bila mimi angebaki na maneno yako," alisema Namkunda.

Mchome akacheka. "Bila mimi mngejenga ua wa vijiti, na mwakani shimo lingefukiwa."

Nakiete akamtazama Mchome, yule aliyemchukia, akaona kwamba hata huyo anastahili shukrani zake. Chungu kikamwia kizito mikononi.

Je, wewe ungempa nani? Taratibu! Usinipigie kelele. Nipe hoja, na jirani yako aipinge.